Miwani ya Sauti ya Nne

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998, saa tisa na dakika arobaini alasiri, manyunyu membamba yenye baridi ya kuuma masikio yalikuwa yakianguka juu ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji mkuu wa Marekani. Cosmas Kiplagat, mwenye umri wa miaka hamsini, alikuwa akiendesha gari kutoka kwake Adelphi kwenda mji wa Falls Church, ameketi wima kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha. Suti yake ilikuwa nyeusi, tai yake ilikuwa ile ya mistari ya shule yake ya bweni, na usoni alivaa miwani ambayo hakupata kukiri hata siku moja kwamba ni yake.

"Baba Audrey," alisema mkewe, Jelagat, "leo nakusihi. Ingia nayo ukumbini."

"Niingie na nini?"

"Hiyo miwani."

"Hii ni ya gari."

"Ya gari vipi? Gari lina macho?"

"Jimbo la Maryland lilitaka dereva awe na miwani. Dereva anayo. Mpiga piano hakuulizwa."

Jelagat alicheka hata akagonga dashibodi. "Haya. Na mgeuza kurasa je? Yeye ameulizwa?"

Kiplagat alitazama wiper za kioo zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, kama watu wawili wanaokataliana jambo.

Hapo ndipo ulipokuwa mwiba. Jioni ile, katika sherehe ya Jamhuri iliyoandaliwa na Wakenya wa huko, mbele ya watu mia tatu, kwaya yao ingeimba sehemu mbili. Sehemu ya kwanza Kiplagat, ambaye wanakwaya walimwita Mwalimu, angepiga piano mwenyewe, na nyimbo zile alizijua kama ajuavyo jina la baba yake. Sehemu ya pili angepiga Gervas, na kazi ya Kiplagat ingekuwa kuketi kando yake na kumgeuzia kurasa. Aliwiwa kazi hiyo kwa miaka thelathini na miwili. Na nota za Gervas, Kiplagat hangeweza kuziona hata moja.

Deni lenyewe lilizaliwa shuleni, mwaka 1966. Kiplagat alikuwa amechaguliwa kupiga piano katika mashindano ya muziki ya shule zote za mkoa, na aliyekuwa amgeuzie kurasa akaamka na homa. Mwanafunzi mwingine pekee aliyeweza kusoma nota alikuwa Gervas, kijana wa Kitanganyika aliyelala kitanda cha pili katika bweni lao. Lakini Gervas alikuwa ndiye kipa wa shule, na alasiri ileile kulikuwa na fainali ya mpira. Gervas alivua glavu, akaenda kugeuza kurasa. Kiplagat akarudi na kombe. Timu ikarudi na aibu, kwa kuwa golini alisimamishwa mvulana aliyekuwa akiuogopa mpira kama moto, na shule ikafungwa mabao sita bila jibu.

Usiku huohuo, mbele ya bweni zima, Kiplagat alipanda juu ya sanduku lake la bati akaapa: siku yoyote Gervas atakapopiga piano mbele ya watu, popote duniani, yeye Kiplagat atamgeuzia kurasa. Kisha mitihani ikaja, Gervas akarejea kwao, na dunia ikawatawanya. Mwezi wa tatu mwaka ule wa 1998 Gervas akahamia Woodbridge, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka Adelphi, akaja kwenye mazoezi ya kwaya na upara unaong'aa, akatamka jambo la kwanza kabla ya salamu: "Kiplagat, sijasahau."

"Wala mimi, Kipa," alijibu Kiplagat, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Maana mtu aliyelelewa bwenini, kwa kengele na kwa maji baridi, hapendi kitu kama anavyopenda kulipa.

Lakini macho yalikuwa yamemsaliti. Kwa miaka mitatu alikuwa akisoma gazeti kwa kulisogeza mbali, mpaka mkono ukamwishia. Kazini, alikokuwa akirekebisha kompyuta zisije zikaudhania mwaka 2000 kuwa ni 1900, alizikuza herufi za skrini hata wenzake wakasema kazi yake inasomeka kutoka Woodbridge. Nyumbani alijifunza kila wimbo kwa kioo cha kukuzia, pua ikikigusa, kama kuku anywaye maji, mapazia yakiwa yamefungwa. Jukwaani aliketi wima na kuziweka nota mbele yake kwa heshima tu. Mwalimu wao wa muziki kule shuleni alikuwa amewafundisha kwamba mpiga piano anayeinama anaomba msamaha kabla ya kukosa.

Mtu mmoja tu, mbali na mkewe, aliijua siri hiyo. Huyo alikuwa Mali, Mmarekani mweusi wa papo hapo Adelphi, fundi wa miwani, aliyesoma Kiswahili chuo kikuu kisha akakinyoosha mwaka mzima Unguja. Aliimba sauti ya pili, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kuwatia Wakenya aibu na kicheko kwa pamoja. Ile miwani ya gari ilitoka mikononi mwake. Siku moja ya Oktoba, katika mazoezi, alichomoa tepu ya fundi nguo mfukoni, akapima kutoka pua ya Kiplagat hadi kwenye kiegemeo cha nota.

"Niwie radhi, Mwalimu. Sentimita sabini."

"Sabini za nini?"

"Za mateso yako. Miwani ya kitabu huona hapa," akagusa kifua chake. "Miwani ya gari huona kule barabarani. Nota zinakaa katikati, maskini, hazina wa kuzitazama. Nitakutengenezea ya katikati."

Akaitengeneza kweli, kwa vipimo vya macho yake alivyokuwa navyo dukani, katika fremu iliyotelekezwa na mteja: nyekundu, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Kiplagat aliitazama kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani.

"Sikopeshwi macho, Mali."

"Si mkopo, Mwalimu. Ni zawadi."

"Zawadi ni mkopo usio na tarehe."

Mali hakununa. Aligeuka tu, akampa Cheruiyot miwani hiyo.

Cheruiyot alikuwa kiongozi wa sauti ya nne, yaani besi, wanaume sita wenye vifua vipana na macho yaliyochoka, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kwenda kupimwa. Walikuwa na desturi yao. Miwani ilikuwa moja, mali ya wote, na aliyeihitaji alishika sikio lake la kushoto. Ikamjia mkono kwa mkono, bila swali na bila asante, hata katikati ya beti. Ile ya zamani, ya duka la dawa, ilikuwa imevunjika mguu. Hii nyekundu ikapokewa kama chifu mpya. Boniface peke yake alilalamika kwamba ilimtia kizunguzungu, lakini aliivaa zamu zake zote, kwa ajili ya usawa.

"Huu ni ujima wa macho," alisema Kiplagat kwa ukali. "Mtu mzima anashika sikio kama mtoto aliyekosa hesabu!"

"Wee, Mwalimu," alijibu Cheruiyot, "hapa ni ushirika. Siku ukiishiwa, shika sikio. Hatutakuuliza kitu."

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya sekondari kando ya Barabara ya 7, na ilipofika saa kumi na moja ulikuwa umejaa pomoni: makoti yaliyolowa, vitambaa vya rangi, harufu ya pilau ikipenya kutoka jikoni na kuwajaribu wacha Mungu. Piano ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye kifuniko kilichoinuka kama bawa. Wamaitha, mwuguzi na mwongozaji wa kwaya, mwanamke mfupi ambaye hata wagonjwa mahututi walimtii, aliinua mikono, na sehemu ya kwanza ikaanza.

Kiplagat alipiga vizuri kupita siku zote. Vidole vilikimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kila baada ya muda alinyosha mkono na kugeuza ukurasa kwa madaha, na watu wa mstari wa mbele wakanong'onezana kwamba huyu, kweli, kasoma.

Wakati wa mapumziko Gervas alimvuta nyuma ya pazia.

"Ndugu yangu, umepiga hadi nywele zangu zikasimama, nami sina nywele."

"Ahsante, Kipa."

"Ila nota zako zilikuwa kichwa chini."

Kiplagat alijifanya anaikaza tai yake.

"Nyimbo zote tatu," aliendelea Gervas kwa upole. "Kichwa chini, bwana wee, na wewe unageuza kurasa kwa mbwembwe kama padri. Huoni, sivyo?"

"Ninaona ninavyotaka kuona."

"Basi soma hapa." Gervas alifungua utunzi wake mpya, kurasa tisa za wimbo wa kusifu mvua, ambao sehemu yake ya piano alimaliza kuiandika Alhamisi. Aliuandika kwa penseli, kama alivyozoea tangu shuleni karatasi zilipokuwa za shida, na nota zilikuwa ndogo, zimebanana. Kiplagat aliona ukungu wa kijivu.

"Kipa, hii uliiandika kwa kidole au kwa mguu wa sisimizi?"

"Nilijaribu kutoa fotokopi kubwa. Ikatoka nyeupe pepe, penseli haikushika." Gervas alishusha pumzi, akaweka mkono begani mwa rafiki yake. "Sikiliza. Tumezeeka. Nitamwita Mali anigeuzie. Deni nakusamehe."

Laiti angemzaba kofi! Damu yote ya Kiplagat ilipanda kichwani.

"Deni langu halisamehewi," alisema. "Nililikopa mbele ya bweni zima, nitalilipa mbele ya ukumbi mzima. Ulivua glavu kwa ajili yangu, Gervas. Utaniona nimeketi pale."

"Basi nitikise kichwa ukurasa unapokwisha?"

Walitazamana. Mwalimu wao alikuwa amewakataza jambo hilo kwa fimbo: mwanamuziki anayetikisa kichwa, alisema, ni mjusi kafiri juu ya jiwe. Wote wawili wakaanza kucheka kwa wakati mmoja, kicheko cha wavulana, cha mabega na machozi, mpaka Wamaitha akachungulia. "Nyinyi wazee, mnaumwa? Ingieni, watu wanangoja!"

"Usitikise," alisema Kiplagat akijifuta. "Heri nife."

Akaketi upande wa kushoto wa Gervas, mgongo wima, tai imenyooka, na moyo ukimdunda kama ngoma ya harusi. Mvua ya Gervas ikaanza: matone machache juu, kisha mengi. Kiplagat hakutazama karatasi, alisikiliza. Alikisia kwamba pale sauti ya kwanza itakapopumua ndipo ukurasa utakapokwisha. Wakapumua. Akageuza. Sawasawa kabisa! Furaha ikampanda hadi kooni.

Ukurasa wa pili ulimwumbua. Aliusubiri mpumuo usiokuja. Gervas alifika chini kabisa, akatoa jicho, akarudia kipande kilekile, akakirudia tena, akizunguka mahali pamoja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wamaitha naye akazungusha mikono; kwaya ikazunguka naye; mvua ikanyesha palepale bila kusonga mbele.

"Geuza," alinong'ona Gervas kwa pembe ya mdomo.

Kiplagat akageuza kwa pupa. Ulikuwapo ukurasa wa tatu, wa nne, wa tano, na kila mmoja ulikuwa ukungu. Kama angebaki hivi alivyo, wimbo wa rafiki yake ungekufa mikononi mwake, na kiapo pamoja nao. Upande mmoja alikaa yule kijana aliyesimama juu ya sanduku la bati. Upande wa pili ilikaa heshima yake, watu mia tatu, na mkewe mstari wa tatu ameziba mdomo kwa kitambaa.

Akainua mkono, polepole, kama mtu anayetia saini hukumu yake, akashika sikio la kushoto.

Katika mstari wa besi Cheruiyot aliona. Macho yalimtoka. Lakini desturi ni desturi: bila swali, bila tabasamu, alivua miwani nyekundu na kuipitisha. Ilikwenda kwa Festus, ikashuka kwa Boniface, ikavuka mstari wa sauti ya tatu, mkono kwa mkono, kila mwimbaji akiendelea kuimba huku akitazama mbele kama askari wa gwaride. Watoto wa mstari wa mbele wakaanza kuionyesha kidole. Mali alipoipokea aliifuta kwanza kwa ncha ya kitambaa chake, maana kazi ni kazi, kisha akamkabidhi Wamaitha, ambaye aliongoza kwa mkono mmoja na kuinyosha kwa mkono wa pili hadi ikatua kwenye kiganja cha Kiplagat.

Akaivaa.

Lo! Mungu wa rehema! Zile nota zilisimama! Moja moja, nyeusi, zenye vichwa na mikia, kama mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya alfajiri. Aliona mistari mitano, yote mitano, akaihesabu kwa uchu. Aliona mahali Gervas alipofuta akaandika upya. Aliona kucha za Gervas. Na kila kitu kilikuwa pale alipoketi, bila kuinama, bila kunyosha shingo, sentimita sabini za raha tupu. Aligeuza ukurasa wa tatu kwa wakati wake barabara, na wa nne ulipofunguka akazama ndani yake kama mtu aliyerudi kwao baada ya kifungo: kumbe besi inapanda hapa! Kumbe huyu Kipa ni fundi, ona alivyoyaleta maji ya mto kwa mkono wa kushoto! Machozi yalimlenga. Alisoma, alisoma, alitabasamu...

"Geuza, mzee!" alifoka Gervas. "Hukuja kusoma gazeti!"

Akageuza, ukurasa mzima ukiwa umekwisha zamani, na kicheko kikapasua mstari wa mbele.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu mwanzo wa ukurasa wa tano ndipo besi walipotakiwa kunguruma radi, nao hawakuwa na macho. Kiplagat aliona balaa likija, akaona na jinsi walivyolikabili. Cheruiyot alinyosha daftari lake la nota hadi mkono ulipokwisha, na mkono haukutosha. Basi akaliegemeza juu ya kichwa cha mwimbaji aliyesimama mbele yake. Boniface akafanya vivyo hivyo. Besi wote sita wakasoma radi kutoka kwenye visogo vya watu, wakanguruma kwa nguvu zote, na visogo vile, kwa heshima kubwa, havikutikisika.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi katikati ya wimbo, bibi mmoja akapiga vigelegele, na Gervas, badala ya kukasirika, akaingiza radi za ziada kwa mkono wa kushoto. Kurasa zilizosalia Kiplagat alizigeuza kama mtu anayekunjua nguo ya sikukuu, kila moja kwa wakati wake, wala hakukosa hata moja. Tone la mwisho lilipoanguka, Wamaitha alishusha mikono, akasahau cheo chake, akarukaruka.

Walimzunguka nyuma ya pazia. Jelagat alifika wa kwanza, akamgusa fremu nyekundu kwa kidole.

"Baba Audrey. Na hii je? Ni ya gari?"

"Hii ni ya piano," alisema Kiplagat, na hakuivua.

Cheruiyot alikohoa. "Mwalimu, sisi sauti ya nne tutasomea vichwa vya watu mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu," alidakia Mali. "Njooni dukani wote sita. Nitawapima mmoja mmoja, na atakayeshika sikio nitamfukuza."

Kiplagat alimgeukia. Alisimama wima, akafunga kifungo cha koti. "Mali, nilikujibu vibaya mwezi wa kumi. Ulipima kwa haki. Ninaipokea zawadi yako, na ninashukuru."

"Imepokewa, Mwalimu. Karibu kuona."

Kisha akamwendea Gervas, aliyekuwa akizikusanya kurasa zake tisa, na kwaya nzima ikasogea karibu, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuisikia habari ya sanduku la bati.

"Sema ukweli, Kipa. Ukurasa wa pili ulichelewa."

"Ulichelewa."

"Na wa nne."

"Wa nne ulinitoa roho." Gervas alihesabu kwa vidole, taratibu, kama kipa anayepanga ukuta wake. "Umegeuza mara nane. Mbili ni mbovu, hizo sizihesabu. Nzuri zimebaki sita." Akanyosha mkono. "Na siku ile tulifungwa sita. Deni limelipwa."